Kabla ya Kukilaza Kito cha Mraba

Tuanze na kosa letu wenyewe. Novemba iliyopita tulisimama watatu mbele ya kaunta ya duka moja la vito, pamoja na baba wa mmoja wetu, tukamtafsiria maneno ambayo sisi wenyewe hatukuyaelewa. Baba alikuwa na tanzanaiti ndogo ya mraba, milimita 4 kila upande, aliyoachiwa na marehemu baba yake huko Arusha. Alitaka itiwe kwenye pete ya dhahabu ya binti yake wa kwanza, anayeolewa Agosti. Dada huyu anafanya kazi kwenye ghala la vifurushi, anavaa na kuvua glavu tangu asubuhi hadi jioni. Kito kilichoinuliwa juu na kushikwa kwa makucha kingemnasa kila saa, kwa hiyo alitaka kito kilale ndani ya dhahabu yenyewe, uso wake uwe sawa na uso wa pete, kidole kikipita juu yake kisihisi kitu.

Muuzaji alieleza kwa dakika kama tano. Alitaja mikato, vishikizo, unene, bima, hatari. Sisi tukamgeukia baba tukamwambia, "Wanasema inawezekana, haina shida." Baba akaitikia kwa kichwa, akatia saini.

Baada ya wiki tatu pete ikarudi na kito chenye pembe tatu na nusu.

Hatukuliona jambo hilo siku ile. Dhahabu ilikuwa imesukumwa vizuri juu ya pembe iliyovunjika, na taa za dukani hufanya hata kioo cha chupa king'ae. Aliyeliona ni dada mwenyewe, nyumbani, karibu na dirisha. Siku ya pili akalalamika kwamba kidole kinamwasha. Tukaigeuza pete, tukakuta ncha ya chini ya kito imetokeza kwa ndani, upande unaogusa ngozi, kama mwiba wa samaki. Aliporudi dukani akaambiwa kito kilikuwa na ufa wake wa asili, na kwamba baba alishasaini.

Hatulitaji duka hilo, kwa kuwa makala haya hayaandikwi kwa ajili yake. Tunawaandikia wenzetu wa klabu ambao kila mwaka, mmoja baada ya mwingine, wanachumbiwa au wanachumbia, na wanataka pete ya namna hiyohiyo kwa sababu ni nzuri na ni ya kisasa. Tunawaandikia pia walimu wetu, ambao watauliza habari za usonara zinaingiaje kwenye jarida la Kiswahili. Zinaingia, tutafika huko.

Kwanza kazi yenyewe. Wengi tunadhani kulaza kito ni rahisi kuliko kukiwekea makucha, maana matokeo yake ni ya unyenyekevu: pete tambarare yenye tone moja la mwanga. Kwa kito cha duara dhana hiyo ina ukweli wake. Sonara anatoboa tundu kwa keekee, kisha anaingiza ncha ya kuchongea yenye kipenyo sawa na cha kito, anachimba kiti cha kukikalisha. Kito kikishakaa, anachukua kijiti cha chuma kigumu kilichong'arishwa kama kioo, anakiburuta kuzunguka mdomo wa tundu huku akikandamiza, mpaka dhahabu iiname kidogo juu ya mshipi wa kito, yaani pale kito kilipo kipana kuliko pote. Dhahabu inayosogezwa ni nyembamba kama unywele. Inahitaji mkono uliozoea, lakini nusu ya kazi inafanywa na mashine, kwa sababu kitu kinachozunguka huchimba duara.

Keekee ya sonara haichimbi mraba. Ukitaka mraba, unaanza na tundu la duara dogo kuliko upana wa kito, kisha unaifuata kila pembe kwa mkono, kwa tupa nyembamba na kwa kalamu ya chuma iliyonolewa kwenye kinoo, mkwaruzo baada ya mkwaruzo. Kuta nne lazima zinyooke. Ukuta mmoja ukipinda kwa unene wa karatasi, jicho litauona, maana jicho husamehe duara lakini halisamehi mstari. Kiti cha ndani lazima kiwe na kina kilekile pande zote, la sivyo kito kitainama upande mmoja kama meza yenye mguu mfupi. Halafu, na hili ndilo tulilojifunza kwa gharama, kila pembe lazima ichimbwe zaidi kidogo chini ya mdomo, ili ncha ya kito iwe na nafasi, isiguse kitu chochote. Pembe ya kito cha mraba ni sehemu nyembamba na dhaifu kuliko zote. Ikibanwa, inakatika. Sonara anayejua kazi anasukuma dhahabu katikati ya zile pande nne, na kwenye pembe anagusa tu.

Haya yote tuliyapata kwa mzee mmoja wa Leicester. Alizaliwa Mombasa kwenye familia ya Kihindi ya masonara, akajifunza kazi miguuni pa baba yake, akaja Uingereza mwaka 1968, wakati Waasia wengi wa Kenya walipokuwa wakiwahi kabla sheria ya uhamiaji haijawafungia mlango. Ameshastaafu, lakini meza yake ya kazi bado iko kwenye chumba cha nyuma. Neno sonara lenyewe lilivuka Bahari ya Hindi na watu kama mababu zake. Tulipobisha na kumwamkia shikamoo, alitutazama mmoja mmoja kabla ya kuitika.

"Marahaba, wajukuu. Mmeniletea pete au mmeniletea njaa?"

Tulikuwa tumeleta vyote viwili. Alitutilia chai, kisha akaweka pete chini ya lenzi na kukaa kimya muda ambao kwetu ulikuwa mrefu sana.

"Hiki hakikulazwa," akasema. "Hiki kimesukumizwa."

Akatuita tuangalie. Pembe hazikuwa zimechimbwa hata kidogo. Tundu lilikuwa la mraba kwa juu tu. Chini yake lilikuwa bado na ile duara ya keekee, na pembe nne za kito zilikuwa zimekalia ukingo wa duara hiyo. Aliyefanya kazi alipokandamiza dhahabu, uzito wote uliangukia pembe. Tatu zilivumilia. Kuhusu ufa wa asili, mzee hakukataa kwamba vito huwa na nyufa. Alisema tu kwamba ufa wa asili haungechagua kukaa sentimita sifuri kutoka mahali palipobanwa.

Kisha akapima. Kito kilikuwa na kina cha karibu milimita 3; pete ilikuwa na unene wa milimita 2. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Ukitaka uso wa kito uwe sawa na uso wa pete, kile kinachozidi lazima kitokee upande wa pili, na upande wa pili kuna kidole cha mtu. Duka lilikuwa na njia mbili za haki: kumwambia mteja kwamba pete hii ni nyembamba mno kwa kito hiki, au kumtengenezea pete nene zaidi. Pete ya unene wa kutosha ingeongeza uzito wa dhahabu kwa zaidi ya nusu, na bei pia. Huenda wateja wengi wangekataa bei hiyo. Lakini wangekataa wakijua.

Hapa tuseme neno kuhusu muhuri, kwa sababu baba aliutegemea sana. Ndani ya pete kuna nanga ndogo, alama ya ofisi ya Birmingham inayopima madini ya thamani tangu mwaka 1773. Sheria ya hapa ya mwaka 1973 inataka dhahabu inayozidi gramu moja igongwe muhuri kabla ya kuuzwa kwa jina la dhahabu, na ni sheria nzuri. Ila nanga inashuhudia dhahabu peke yake, kwamba karati 18 ni karati 18. Haisemi lolote juu ya kito, wala juu ya mkono uliokitia. Baba aliiona nanga akadhani serikali imeikagua pete nzima. Na sisi tulidhani vivyo hivyo, kusema kweli.

Mzee alituambia, kama tunataka kuandika, tukae kwanza mezani. Akatupa kipande cha shaba, vito vya zirkoni vya maabara vya milimita 3, lakiri ya kushikizia, na onyo kwamba kalamu ya chuma huteleza na ikiteleza huelekea kwenye dole gumba la mkono wa kushoto. Tulikwenda Jumamosi nne. Tuliharibu matundu sita, tukavunja kito kimoja, na dole gumba moja likafungwa plasta. Tundu la saba lilishika. Si zuri, ukuta wake mmoja una tumbo. Lakini tulipokisukuma kito na kukisikia kinaingia kwenye kiti chake kwa mlio mdogo, kama kitufe cha shati, tulielewa kwa nini mzee anatoza kazi ya mraba mara tatu ya kazi ya duara, na kwa nini anayetoza sawa anapaswa kutiliwa shaka.

Basi dai letu la kwanza ni hili: kito cha mraba kisilazwe kwa sababu tu mteja amekitaka. Kilazwe iwapo pete ni nene kuliko kina cha kito, iwapo atakayeifanya anaweza kueleza atazifanyaje pembe, na iwapo kito chenyewe kinastahimili. Almasi na yakuti vinastahimili. Tanzanaiti ya mraba haifai, na tunasema hivyo tukijua kwamba tutawaudhi watu.

Tumeshawaudhi. Kwenye mkutano wa Januari mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba kuiita tanzanaiti dhaifu ni kurudia dharau za wafanyabiashara wa nje, waliokipa kito jina na kukipangia bei bila kumuuliza mchimbaji. Alipigiwa makofi, na sisi pia tulipiga, maana nusu ya kwanza ya hoja yake ina historia ndani yake. Kito kiligunduliwa mwaka 1967 kwenye vilima vya Mererani, chini ya Kilimanjaro, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ndiyo iliyokibatiza jina hilo. Eneo linalochimbwa ni la kilomita chache tu za mraba, na hakuna pengine duniani kinakochimbwa kibiashara. Serikali ilijenga ukuta wa kilomita 24 kulizunguka mwaka 2018, ili vito visitoroshwe. Miaka miwili baadaye Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo, aliiuzia serikali mawe mawili yenye uzito wa zaidi ya kilo 14 kwa jumla, kwa shilingi bilioni 7.74, na picha yake akiwa ameyashika ilizunguka kwenye simu za wazazi wetu wote. Nani asiyejivunia?

Lakini ugumu wa jiwe hauna uraia. Kwenye kipimo alichokiweka Friedrich Mohs mwaka 1812, almasi ni 10, yakuti ni 9, kwazi ni 7, na tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Vumbi la kawaida, lile la rafu za ghala na la mifuko ya koti, lina chembe za kwazi. Kila linapopanguswa juu ya tanzanaiti linaacha mikwaruzo midogo, na baada ya miaka kadhaa ule uso wa buluu unafifia kama kioo cha miwani ya zamani. Kukilaza kito ndani ya dhahabu kunakinga ubavu wake, uso unabaki wazi. Kisha kuna jambo jingine baya zaidi. Tanzanaiti ina upande mmoja inaopasukia kirahisi, kama ukuni ulionyooka nyuzi zake: shoka likigusa mahali pake, umekwisha. Haipendi kugongwa, haipendi joto la ghafla, haifai kusafishwa kwenye zile mashine za kutetemesha zilizopo kwenye kila duka. Na kulaza kito ni kazi ya kukandamiza na kugonga. Unachukua jiwe lisilopenda kugongwa, lenye pembe nne kali, unalipeleka kwenye kazi ya kugonga. Tunakiheshimu zaidi tukikitia kwenye kidani au kwenye herini, mahali kinapoonwa bila kubururwa kwenye maboksi.

Anayetaka jiwe la nyumbani kwenye pete ya kazi ana pa kuchagua. Yakuti za bonde la Umba na za Tunduru zina ugumu wa 9. Spineli za Mahenge, zile nyekundu za kuelekea pinki, zina 8 na hazina upande wa kupasukia. Tsavoraiti, kijani kinachochimbwa kwetu na kwa jirani zetu wa Taita Taveta, ina 7 na kitu, nayo haina upande huo pia. Kwa kidole cha mwalimu au mhasibu ingetosha, kwa cha dada wa ghala tungesita. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo na umaarufu wa tanzanaiti huku ughaibuni. Labda hilo ndilo tatizo. Tumezoea kuvaa jina la nchi kidoleni, na jiwe lisilobeba jina hilo tunaliona kama la mtu mwingine.

Kuna upande wa duka pia, na tungekuwa waongo tusipousema. Kazi ya kutia kito cha mteja ni ya hatari hata kwa bingwa. Mzee wa Leicester mwenyewe huwaandikisha wateja karatasi, na hapendi kulipishwa vito vya watu. Tulimuuliza kama basi duka lilikosea wapi. Akasema karatasi ni ya bahati mbaya, si ya uvivu. Sheria ya walaji ya mwaka 2015 nayo inataka huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaofaa, na kutochimba pembe si bahati mbaya. Dada ameandika barua ya malalamiko na bado tunasubiri jibu. Inawezekana atarudishiwa gharama ya kazi. Kito cha babu hakirudishiki.

Sasa kuhusu Kiswahili. Mara ya kwanza tulipoizungumza habari hii kwenye klabu, tulijitetea kwamba tulikosa msamiati. Tulisema Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha sebuleni, hatujui maneno ya karakana, na nyumbani hakuna aliyetufundisha neno jiliwa wala lakiri. Ni kweli hatukuyajua. Mzee ndiye aliyetufundisha, na tunapendekeza walimu wetu wamwalike, maana ana Kiswahili cha kazi ambacho hatukukiona kwenye kitabu chochote cha kozi. Lakini utetezi ule, tulipoupima, ulivuja. Sentensi ambayo baba alihitaji kuisikia siku ile ni hii: kina cha kito kinazidi unene wa pete. Hakuna neno gumu hapo. Mtoto wa darasa la tano angeweza kuisema. Nyingine ni hii: pembe zinaweza kuvunjika. Hiyo hata mtoto wa chekechea.

Hatukuisema kwa sababu hatukumwelewa muuzaji, na hatukumwuliza kwa sababu tuliona haya. Tumezaliwa hapa, tunasoma chuo kikuu hapa, Kiingereza ndiyo lugha tunayoota nayo. Tutamwambiaje mtu wa dukani, mbele ya mzazi anayetuona wasomi, kwamba hatujui anasema nini? Ilikuwa rahisi zaidi kuzikunja dakika tano za maelezo ziwe maneno mawili. Haina shida.

Tulipowauliza wenzetu, kila mmoja alikuwa na pete yake. Kuna aliyemwambia mama yake hospitalini "wamesema unywe hizi dawa" akaruka maelezo ya madhara kwa sababu hakuyafahamu. Kuna aliyetafsiri mkataba wa nyumba akiwa na miaka 13, mzazi akasaini palepale kwenye kapeti. Wengi tumekuwa wakalimani kabla hatujabalehe, bila malipo na bila mafunzo, na tumejifunza ustadi mmoja ambao mkalimani hatakiwi kuwa nao, ule wa kuficha kwamba hatukuelewa. Wazazi wanatuamini. Hawana namna ya kujua pale tulipopunguza.

Klabu yetu ina jioni ya mashairi, ina siku ya pilau, ina mdahalo wa kila muhula kuhusu kama Kiswahili kitakufa huku ughaibuni. Hatuna ugomvi na pilau. Lakini tungependa muhula ujao tuwe na jioni kadhaa ambapo mtu analeta karatasi halisi, ya benki, ya fundi gari, ya daktari wa meno, ya sonara, na tunakaa kuitafsiri kwa sauti, mbele ya watu, tukisema "hapa sijui" kila tunapofika tusipojua. Mwalimu mmoja ametuambia hilo si somo la lugha. Kwa heshima zote, mwalimu, tulikuwa na alama nzuri sana siku tuliposimama kwenye ile kaunta.

Kito kimetoka. Mzee alikitoa kwa kuukata mdomo wa dhahabu polepole kwa kalamu, kazi ya saa nzima, huku akituomba tusimsemeshe. Kikapelekwa kwa mkataji, kikasuguliwa upya mpaka ile pembe iliyovunjika ikapotea, na kimebaki na milimita 3 na nusu. Sasa kiko kwenye kidani, kimezungushiwa ukuta mwembamba wa dhahabu pande zote, na dada amesema atakivaa siku ya harusi na sikukuu. Babu mdogo wa Arusha alionyeshwa kwa simu. Akauliza mbona kimekuwa kidogo. Tukamweleza yote, kwa Kiswahili, kuanzia kaunta, na akacheka pale tuliposema tumeona haya. Hatukujua kama anatucheka au anatusamehe.

Pete itayeyushwa. Mama ametoa kipuli kisicho na mwenzake kiongezwe, ili pete mpya ifikie unene unaotakiwa, na itagongwa muhuri upya. Kito kitakuwa spineli ya Mahenge, ya mraba, milimita 3, kwa sababu dada bado anataka mraba na bado anataka kilale; ni haki yake, na safari hii inawezekana.

Wiki iliyopita tulimpeleka baba Leicester. Tulidhani tutakaa katikati kama kawaida, lakini wazee wale wawili walianza kwa kuulizana habari za Mombasa na Arusha, na baada ya dakika kumi walikuwa wameshatusahau. Baba aliuliza swali la kina mwenyewe. Mzee hakumjibu, alimpa kipimo na kito, akamwambia apime. Baba akavaa miwani, akapima mara mbili.

"Mbili na nukta moja," akasema. "Na pete?"

"Mbili na nukta sita."

Baba akaandika namba zote mbili nyuma ya risiti, akaikunja, akaitia mfukoni.